Kinasi na kipokezi cha homoni katika saratani ya tezi dume: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaotafuta maelezo haya wana karatasi mbili za maabara mkononi. Moja inasema testosteroni ya mzee imeshuka chini kabisa. Nyingine inasema PSA yake, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, inapanda. Huenda hakuna iliyokosewa. Baina ya karatasi hizo mbili ndipo kinasi, vimeng'enya vitakavyoelezwa hapa chini, zinapofanyia kazi yake, na maswali mengi hapa chini yanazunguka hapo hapo.

Kipokezi cha homoni ni kitu gani?

Ni protini inayokaa ndani ya seli ikiisubiri homoni. Katika tezi dume kinachohusika zaidi ni kipokezi cha androjeni, yaani cha homoni za kiume: testosteroni, na dihidrotestosteroni ambayo hutengenezwa kutokana nayo na ina nguvu zaidi. Homoni isipokuwepo, kipokezi hutulia kwenye ujiuji wa seli kikiwa kimeshikiliwa na protini walezi, mmojawapo Hsp90. Homoni ikiingia, kipokezi hujikunja upya, huwaacha walezi wake, huingia kwenye kiini cha seli, hushikana na kipokezi mwenzake, kisha wawili hao hukaa juu ya DNA na kuamuru jeni kadhaa zisomwe. Mojawapo ni jeni inayotengeneza PSA. Kwa hiyo PSA inayopanda kwa mgonjwa aliye kwenye tiba ya homoni mara nyingi ina maana moja: mahali fulani mwilini, kipokezi kimerudi kazini.

Umbo lake lina umuhimu kwa habari inayofuata. Mnyororo wake una asidi amino zipatazo 920. Upande wa nyuma una mfuko ambamo homoni huingia. Katikati kuna sehemu inayoshika DNA. Upande wa mbele, ambao ni zaidi ya nusu ya protini nzima, ni mlegevu kama kamba na hauna umbo maalumu. Dawa tulizonazo hulenga mfuko wa nyuma, au huzuia homoni isiufikie. Kinasi zina mazoea ya kuingilia upande wa mbele.

Na kinasi je?

Kinasi ni kimeng'enya kinachochomoa fosfati moja kutoka ATP, molekuli ya nishati ya seli, na kuibandika juu ya protini nyingine, kwenye asidi amino za serini, threonini au tirosini. Fikiria barua ya ofisini. Maneno yake hayajabadilika hata herufi, lakini ikishagongwa muhuri inapokelewa kila mlango. Fosfati ndiyo muhuri huo. Ina chaji hasi, na ikibandikwa hubadilisha namna protini inavyojikunja na inavyoshikana na wenzake. Tofauti na wino wa ofisini, huu hufutika: wapo vimeng'enya vingine, fosfatasi, vinavyouondoa.

Binadamu ana kinasi zaidi ya 500. Waliofungua mlango wa elimu hii ni Edmond Fischer na Edwin Krebs, Seattle, katika miaka ya 1950, na wala hawakuwa wakitafuta habari za saratani. Walikuwa wakichunguza misuli inavyovunja akiba yake ya sukari. Tuzo ya Nobel ilikuja 1992, karibu miaka 40 baadaye.

Homoni ikiondolewa, kipokezi si kinazimika?

Kwa muda, ndiyo. Mwaka 1941 Charles Huggins na Clarence Hodges wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba mwanamume mwenye saratani ya tezi dume iliyosambaa akiondolewa korodani, au akipewa estrojeni, ugonjwa hurudi nyuma. Huggins alipata Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1966. Hadi leo tiba ya msingi ya ugonjwa uliosambaa ni ile ile: korodani huondolewa kwa upasuaji au hunyamazishwa kwa sindano.

Tatizo ni kwamba saratani nyingi za aina hiyo hurudi, baada ya miezi au miaka, huku testosteroni ikiwa bado iko chini. Zamani hali hii iliitwa saratani isiyotegemea homoni. Jina hilo lilipotosha watu kwa miaka mingi. Seli zilipochunguzwa, nyingi zilikutwa bado zinategemea kipokezi kile kile. Kilichobadilika ni njia ya kukiamsha. Baadhi ya seli huongeza nakala za jeni ya kipokezi, hata tone dogo la homoni likatosha. Nyingine hutengeneza androjeni zao wenyewe kutokana na malighafi ya tezi za juu ya figo. Nyingine hubadilisha mfuko wa homoni kiasi kwamba dawa iliyotakiwa kukizuia kipokezi inakiwasha. Ndiyo maana zamani madaktari waliokuwa wakitumia flutamidi, dawa ya zamani ya kuziba mfuko huo, waliona PSA za baadhi ya wagonjwa zikishuka dawa iliposimamishwa. Zipo pia seli zinazotengeneza kipokezi kilichokatwa, AR-V7, kisicho na mfuko kabisa. Dawa za kuziba mfuko hazina pa kukishika.

Halafu kuna kinasi. Mwaka 1999 kundi la Charles Sawyers huko Los Angeles lilionyesha kwamba seli za tezi dume zikizidishiwa HER2, kinasi ya kwenye utando wa seli inayojulikana zaidi katika saratani ya matiti, kipokezi cha androjeni huanza kuamuru jeni zake, PSA ikiwemo, pasipo androjeni. Ishara ilipitia mnyororo wa kinasi uitwao MAPK. Yaani kengele ya mlango wa mbele ilikuwa imekatwa waya, na mtu akafunguliwa kwa kugonga dirisha.

Muhuri hugongwa wapi kwenye kipokezi?

Sehemu nyingi. Nitataja chache zilizochunguzwa kwa undani.

Iliyo maarufu kuliko zote ni serini namba 81, upande wa mbele. Hubandikwa fosfati kwa wingi homoni inapoingia, na CDK1 pamoja na CDK9 ni miongoni mwa kinasi zinazofanya hivyo. CDK1 ni kinasi ya mgawanyiko wa seli na CDK9 inahusika na usomaji wa jeni, kwa hiyo kipokezi kinafungwa kamba moja na shughuli mbili ambazo saratani inazipenda mno. Tirosini namba 534 hugongwa na kinasi iitwayo Src. Tirosini namba 267 na nyingine, ACK1. Hizi mbili zinatajwa sana katika seli zinazoendelea kuishi homoni ikiwa haba. Upande mwingine kuna serini namba 650, inayobandikwa na kinasi za dhiki ya seli, JNK na p38. Hapo muhuri hufanya kinyume: husaidia kukitoa kipokezi nje ya kiini. Mtu asidhani basi kwamba kila fosfati ni chombo cha adui.

Kisha kuna kinasi iitwayo AKT, na hapa nawaomba wasomaji wavumilie. AKT hubandika fosfati kwenye serini namba 213, na kwa muda mrefu maabara zilipingana kama hilo hukiwasha kipokezi au hukizima. Mwaka 2003 utafiti uliotumia LNCaP, seli za saratani ya tezi dume zinazooteshwa maabara, ulionyesha kwamba jibu lilitegemea umri wa seli kwenye chupa: zilizooteshwa mara chache, AKT ilikizima kipokezi, zilizooteshwa mara nyingi, ilikiwasha. Seli zilikuwa za ukoo mmoja na kinasi ile ile. Binafsi naona huo ni mmoja kati ya matokeo yenye mafunzo zaidi katika uwanja huu wote, ingawa mtu anayetaka jibu la ndiyo au hapana atachukizwa nao.

Mbona namba hizo hazifanani kutoka makala moja hadi nyingine?

Kwa sababu upande wa mbele wa kipokezi una msururu wa glutamini ambao urefu wake hutofautiana baina ya mtu na mtu. Mfuatano wa kielelezo ulipobadilishwa, namba zinazofuata baada ya msururu huo zilisogea. Badiliko lililoitwa T877A, yaani threonini namba 877 kugeuka alanini, sasa huandikwa T878A, na ni lile lile.

PTEN ni nini, na kwa nini madaktari wanaitaja sana?

PTEN ni breki. Ndani ya seli kuna kinasi, PI3K, inayobandika fosfati juu ya mafuta ya utando, na mafuta hayo huita AKT ije iwashwe. PTEN huondoa fosfati hiyo. Jeni ya PTEN ikipotea, AKT hubaki imewaka usiku na mchana, ikiiambia seli ikue na isife. Katika saratani za tezi dume zilizosambaa na kuwa sugu kwa tiba ya homoni, PTEN imepotea katika takriban 4 kati ya 10, na vipimo vingine hufikia karibu nusu.

Ungetarajia basi kwamba seli kama hizo zina moto wa AKT na moto wa kipokezi kwa pamoja. Mwaka 2011 wanasayansi wa Memorial Sloan Kettering, New York, walikuta jambo la ajabu zaidi: njia hizo mbili hukandamizana. Kipokezi kikiwa kazini huamuru itengenezwe protini iitwayo FKBP5, ambayo huisaidia fosfatasi iitwayo PHLPP kuishusha AKT. Ukikizima kipokezi kwa dawa, FKBP5 hupungua, PHLPP hupoteza msaada wake, AKT hupanda. Sasa geuza upande wa pili: ukizima PI3K na AKT, HER2 na ndugu yake HER3 huongezeka kwenye utando, nazo hukiamsha kipokezi. Unaziba tundu hili, maji yanatokea kule. Katika panya wasio na PTEN, kuzima upande mmoja kulileta nafuu ndogo. Kuzima pande zote mbili kulipunguza uvimbe kwa kiasi kikubwa.

Ukielewa aya hiyo moja umeelewa kwa nini majaribio yanayofuata yalipangwa jinsi yalivyopangwa, na kwa nini PSA ya mzee inaweza kukaidi. Dawa ya homoni inaweza kuwa inafanya kazi yake barabara, na wakati huo huo ndiyo inayoifungulia AKT njia.

Zipo dawa za kuzuia kinasi kwa saratani hii?

Zimejaribiwa nyingi, na historia yake ina makaburi mengi. Dasatinibu, inayozuia Src, iliongezwa kwenye dosetakseli, dawa ya kemotherapi, katika jaribio la wanaume zaidi ya 1,500. Matokeo yaliyotangazwa 2013 yalionyesha kwamba haikurefusha maisha. Kabozantinibu, inayozuia kinasi za MET na VEGFR2, ilisisimua watu kwa sababu picha za mifupa zilikuwa zinasafishika, lakini jaribio kubwa la COMET-1 halikuonyesha kwamba wagonjwa waliishi muda mrefu zaidi.

Zilizokaribia zaidi ni dawa za kuzuia AKT zikichanganywa na abirateroni, ambayo hukata utengenezaji wa androjeni hadi ndani ya uvimbe. Yaani ule ule mpango wa kuziba matundu mawili kwa wakati mmoja. Jaribio la IPATential150, lililochapishwa 2021, liliwapa wanaume 1,101 wenye ugonjwa sugu abirateroni pamoja na ipatasetibu au kidonge tupu. Kwa wale waliopoteza PTEN, ugonjwa ulikaa miezi 18.5 kabla ya kusonga mbele kwenye picha, badala ya 16.5. Kwa kundi zima tofauti haikutosha kuhesabiwa ushindi, na faida ya kurefusha maisha haikuthibitika. Miezi miwili; si haba, wala si mapinduzi.

Jaribio la CAPItello-281 lilijifunza kutokana na hilo. Lilichagua tangu mwanzo wanaume ambao uvimbe wao ulikuwa umepoteza PTEN, na likawaanzia mapema, kabla ya usugu. Matokeo yaliyotolewa 2025 yalionyesha kwamba kapivasetibu, nayo ya kuzuia AKT, pamoja na abirateroni ilisogeza muda huo kutoka miezi 25.7 hadi 33.2. Huo ndio ushahidi wenye uzito kuliko wote tulio nao kwamba hadithi ya matundu mawili ni ya kweli kwa binadamu na si kwa panya peke yao.

Madhara yake ni yapi?

Insulini hutumia AKT kuifungulia sukari milango ya misuli. Ukiizuia AKT, sukari ya damu hupanda. Kuhara na vipele vya ngozi pia ni vya kawaida. Mzee mwenye kisukari asianzishwe dawa hizi bila mpango wa kumpima sukari mara kwa mara, na akumbuke kwamba prednisoloni inayotolewa pamoja na abirateroni nayo huipandisha.

Kwa nini saratani ya matiti imefaidika na vizuia kinasi mapema zaidi?

Kapivasetibu iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2023 kwa saratani ya matiti, na vizuizi vya CDK4 na CDK6, kinasi za mgawanyiko wa seli, vimekuwa huko tangu 2015. Kipokezi cha estrojeni nacho hugongwa muhuri na kinasi, MAPK kwenye serini 118 na AKT kwenye 167, kwa hiyo undugu upo. Lakini kufanana kwa ramani hakumaanishi safari ni moja: abemasiklibu, kimojawapo cha vizuizi hivyo, ilipoongezwa kwenye abirateroni kwa ugonjwa sugu wa tezi dume, jaribio halikufikia lengo lake.

Je, kuondolewa korodani na kuchomwa sindano kuna tofauti kwa kinasi?

Hapana. Zote mbili hushusha testosteroni, na kinasi haziulizi ilishukaje. Katika nchi zetu wengi huchagua upasuaji kwa sababu ni wa mara moja na hauhitaji pesa ya sindano kila baada ya miezi kadhaa. Kitabibu huo ni uamuzi halali, usimwonee mtu aibu.

Manjano, chai ya kijani, mizizi ya dukani: si huzuia kinasi?

Kwenye kisahani cha maabara, kurkumini ya manjano huzuia kinasi kadhaa. Kwenye mwili wa mtu aliyekula manjano, kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno, kwa kuwa utumbo hufyonza kidogo na ini hubadilisha upesi kilichobaki. Pilau ni pilau. Iache iwe chakula.

Nina neno moja la ziada kwa wauzaji wa dawa za "asili" wanaotuma ujumbe kwenye makundi ya familia. Kuzuia kinasi si vigumu. Staurosporini, iliyotolewa kwenye bakteria wa udongo mwaka 1977, huzuia kinasi nyingi sana, na ndiyo sababu haiwezi kumezwa kama dawa: inaua seli njema na mbaya bila kuchagua. Kazi ngumu ni kuzuia moja na kuziacha mia tano. Kingine ni kwamba baadhi ya mitishamba huchochea au huzuia vimeng'enya vya ini vinavyosaga abirateroni na enzalutamidi, dawa ya kuziba mfuko wa kipokezi. Mwambie daktari unachokunywa hata kama unajua atakunja uso.

Takwimu hizi zinatuhusu sisi Waafrika?

Kwa nusu. Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, na kwetu wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasambaa mifupani. Lakini waliojiunga na majaribio niliyoyataja ni wachache mno wenye asili ya Afrika. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba PTEN hupotea mara chache zaidi katika saratani za Wamarekani weusi kuliko za weupe, na muungano wa jeni za TMPRSS2 na ERG, badiliko jingine la saratani hii, nao ni wa nadra zaidi kwao. Wamarekani weusi si Wasukuma wala Wakikuyu, kwa hiyo hata hiyo isihamishiwe Mwanza au Nyeri kama ilivyo. Ninachoweza kutetea ni hiki: yule anayepanga kuagiza dawa ya kuzuia AKT kwa hospitali za Afrika Mashariki kwa kutumia asilimia za Ulaya anajenga nyumba kwa vipimo vya kiwanja cha jirani.

Kila saratani inayorudi inaendeshwa na kipokezi?

La. Chache hukiacha kabisa na kugeuka kuwa za aina ya neva-homoni, ambapo kinasi nyingine, Aurora A, huilinda N-Myc, protini inayochochea seli kukua, isivunjwe. Dalili moja ni ugonjwa kuenea, mara nyingi kwenye ini, huku PSA ikibaki chini. Hapo PSA ndogo si habari njema.

Nimuulize nini daktari?

Kwanza, testosteroni imepimwa? Kabla ya kulaumu kinasi ni lazima ijulikane kama kweli iko chini ya nanogramu 50 kwa desilita. Wakati mwingine sindano ilichelewa, na jibu la fumbo lote ni hilo. Pili, abirateroni inamezwa tumboni pakiwa patupu? Chakula hubadilisha sana kiasi kinachoingia kwenye damu. Tatu, je, uvimbe umepimwa PTEN? Hupimwa kwa kupaka rangi kipande cha nyama kilichochukuliwa kwenye biopsi, wala si kwa damu ya kawaida, na si kila maabara inafanya.

Kwa hilo la tatu kuna jambo la kufanya leo hata kama kipimo hakipo mjini kwenu. Kipande cha biopsi huhifadhiwa kwenye nta na hudumu miaka mingi, ila maabara nyingine hutupa vya zamani nafasi ikijaa. Uliza kiko wapi, kina namba gani, na uiandike namba hiyo kwenye jalada la faili la mzee.